OpenFOAM, Basilisk au MFiX: ukitaka kugawa bure msimbo wako wa uzamivu, ujenge wapi?

Kwa mtafiti wa uzamivu katika uhandisi kemikali ambaye kazi yake ni kuiga mitiririko kwenye kompyuta, uchaguzi wa programu hufanyika mapema, mara nyingi mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kurudi nyuma ni kazi. Maswali ya wakati huo tunayajua: ipi ina kasi, ipi ina modeli ninayoihitaji, ipi msimamizi wangu anaifahamu. Swali ambalo naona huchelewa kuulizwa ni hili: nikimaliza, nikitaka mtu mwingine achukue nilichoandika bila kulipa, akiendeshe, akikosoe na kukiendeleza, programu niliyoijengea itanisaidia au itanikwamisha?

Nimeziweka pamoja programu tatu zinazotumika sana katika fani yetu: OpenFOAM, Basilisk na MFiX. Zote tatu unazipata bila malipo pamoja na msimbo wake mzima. Fluent, COMSOL na STAR-CCM+, programu za kibiashara za kazi hiyohiyo, nimeziacha nje, wala si kwa sababu ni mbaya. Unaweza kuandika nyongeza nzuri ya Fluent ukaigawa kwa kila anayeitaka, lakini atakayeipokea atabaki na faili la C lisilo na kazi mpaka chuo chake kilipie leseni. Mwenzetu aliyeko Dar es Salaam, Eldoret au Lubumbashi, ambaye idara yake haina fungu la leseni hiyo, hajapewa kitu.

OpenFOAM: uwanja mpana, matawi mawili

OpenFOAM ilianzia Imperial College, London, na ukiichimba utakuta imesimama juu ya tasnifu za wanafunzi. Hrvoje Jasak alitetea yake mwaka 1996, ikihusu namna ya kukadiria makosa ya hesabu zenyewe. Onno Ubbink, 1997, aliandika kuhusu kuufuata mpaka mkali kati ya vimiminika viwili visivyochanganyika. Henrik Rusche, 2002, alishughulikia viputo na matone yanaposongamana. Kwa muda programu iliuzwa kibiashara na kampuni iliyoitwa Nabla. Desemba 2004 ikatolewa kwa umma chini ya GPL, leseni inayoruhusu yeyote kutumia, kurekebisha na kugawa msimbo kwa masharti yaleyale, na hapo ndipo vyuo vikaanza kuichukua kwa wingi. Nayataja haya kwa sababu bado nakutana na wenzangu wanaoona haya kutoa walichoandika, wakisema ni msimbo wa mwanafunzi tu. Tasnifu ya Rusche ni ya mwanafunzi, na hadi leo watu huitaja wanapoeleza jinsi interFoam, programu ya OpenFOAM ya vimiminika viwili visivyochanganyika, inavyofanya kazi.

Nguvu yake kubwa ni umbo la chombo. Tangi lenye mapanga ya kukorogea, mnara uliojazwa pete za kauri, mtambo wenye mabomba yaliyopinda: OpenFOAM haijali, kwa kuwa gridi yake, yaani wavu wa seli ndogo ambamo hesabu hufanywa, inaweza kuwa na seli za umbo lolote. Nguvu ya pili ni idadi ya watu. Popote utakapouliza swali kuhusu interFoam au reactingFoam, ile ya mimenyuko ya kemia, utakuta mtu amelikuta tatizo lako kabla yako.

Namna ya kuongeza kitu chako ni ya moja kwa moja. Unanakili folda ya programu iliyopo, tuseme interFoam, unaipa jina jingine, unabadilisha jina hilo ndani ya faili la Make/files, unaongeza mlinganyo wako wa usafiri wa masi, kisha unaamuru wmake, inayoukompaili msimbo, yaani kuugeuza uwe programu inayoendeshwa. Milinganyo ndani ya OpenFOAM imeandikwa karibu vilevile kama inavyoandikwa ubaoni, hivyo mhandisi asiye fundi wa C++ anaweza kuifuata. Kila tatizo linalotatuliwa nalo ni folda yenye folda tatu ndani: 0 kwa hali ya mwanzo, constant kwa sifa za vitu na gridi, system kwa mipangilio ya hesabu. Ukimpa mtu folda ya programu yako na folda ya tatizo lako, umempa kila kitu.

Umempa kila kitu, ilimradi ana toleo lilelile. Hapa ndipo penye tatizo la OpenFOAM, na ni kubwa kuliko mafunzo mengi yanavyokubali. Mwaka 2011 OpenCFD, kampuni iliyokuwa ikiitunza, ilinunuliwa na SGI, na mwaka uliofuata ikaenda kwa ESI Group. Mwaka huohuo wa 2011 ilianzishwa OpenFOAM Foundation. Matokeo yake leo kuna matawi mawili makuu yenye jina moja. Matoleo ya Foundation yanahesabiwa 9, 10, 11, 12 na kuendelea. Ya upande wa ESI yanatoka kila Juni na Desemba na huitwa kwa mwaka na mwezi: v2306, v2312 na kuendelea. Pembeni kuna foam-extend, tawi linalohusishwa na Jasak. Kwa anayejifunza, matawi haya yanafanana kiasi cha kuchanganya. Kwa anayegawa msimbo, ni nyumba tofauti. Katika toleo la 11 la mwaka 2023, Foundation ilipanga upya kila kitu: programu zilizosimama zenyewe zikageuzwa kuwa moduli zinazoitwa na amri moja, foamRun, na kazi ya interFoam ikahamia kwenye moduli ya incompressibleVoF. Upande wa pili interFoam ipo palepale. Kwa hiyo interFoam uliyoirekebisha kwenye v2306 haitakompailiwa kwenye 11, na mtu atakayejaribu atakata tamaa kabla hajaiona kazi yako.

Mfano wa kuonya ni CFDEMcoupling, iliyotoka kwa watafiti wa Linz, Austria, ambayo huunganisha OpenFOAM na LIGGGHTS, programu inayohesabu chembe moja moja, ili kuiga chembe ngumu ndani ya mtiririko. Ni kazi iliyowasaidia watafiti wengi wa fani yetu. Lakini toleo lake la wazi limebaki likitegemea matoleo ya zamani ya OpenFOAM, la 5 na la 6, na anayelitaka leo hana budi kusimika mfumo wa zamani kwanza.

Dawa ipo. Andika tawi na toleo kwenye mstari wa kwanza wa README, faili la maelezo ya msimbo, si ukurasa wa tatu. Ongeza kontena, kifurushi kinachobeba programu na kila inachohitaji, lenye OpenFOAM ile ile uliyoitumia, ili mwenzako aliendeshe bila kusimika chochote. Na chagua tawi moja tangu mwanzo. Ushauri wangu kwa anayeanza sasa na anayekusudia kugawa ni upande wa ESI, kwa sababu matoleo yake hubadilisha mambo taratibu zaidi kwa mtu aliyenakili programu na kuirekebisha. Aliye kwenye maabara inayotumia upande wa Foundation asihame kwa ajili yangu. Msaada wa watu walioketi meza ya pili una thamani kuliko hoja hii.

Jambo moja la OpenFOAM ambalo nalipenda kwa dhati ni kozi ya Chalmers, Gothenburg, inayoongozwa na Håkan Nilsson. Wanafunzi, wengi wao wa uzamivu, huchagua sehemu ya programu, huieleza mstari kwa mstari, huirekebisha, kisha huandika ripoti ambayo wenzao darasani huihakiki. Ripoti na mafaili yake huwekwa wazi kwa yeyote. Kwa miaka mingi sasa zimekuwa hazina ambayo watu wa nchi zote wanajifunzia. Ukitaka kuona mfano mzuri wa namna ya kueleza msimbo wako, soma mbili tatu kati ya hizo kabla hujaandika README yako.

Na ukiwa na kitu kizuri, mlango wa kuingia kwenye programu mama upo. Mbinu ya isoAdvector ya Johan Roenby na wenzake, inayokata seli kijiometri ili mpaka wa kimiminika ubaki mkali, ilichapishwa mwaka 2016 pamoja na msimbo wake. Mwaka uliofuata ilikuwa ndani ya v1706 kwa jina la interIsoFoam. Kilichoisaidia si hisabati peke yake. Msimbo ulikuwa hadharani, watu waliujaribu, wakaona unafanya kazi.

Basilisk: msimbo na maelezo chini ya paa moja

Stéphane Popinet aliandika kwanza Gerris akiwa New Zealand, akaieleza katika makala ya mwaka 2003, kisha akiwa Paris kwenye Taasisi ya Jean le Rond d'Alembert akajenga Basilisk kuwa mrithi wake. Sifa inayojulikana ni gridi inayojirekebisha: mraba unagawanyika kuwa minne, mchemraba kuwa minane, pale tu penye mambo, na kuungana tena pakitulia. Tone likipita, seli ndogo zinalifuata.

Sifa inayonihusu hapa ni nyingine. Katika Basilisk kila faili la msimbo ni ukurasa wa kusomeka. Maelezo unayoandika kati ya mistari ya C, pamoja na milinganyo, huonyeshwa kama maandishi ya kawaida, na msimbo unafuata chini yake. Mtumiaji anaweza kupewa uwanja wake kwenye tovuti hiyohiyo, akaweka humo mafaili yake, majaribio yake na michoro iliyotokana nayo. Mwingine akitaka modeli yako ya uvukizi, anaiingiza kwa mstari mmoja wa #include. Ukizunguka kwenye viwanja hivyo utakuta watafiti wa uzamivu wa fani mbalimbali, wahandisi kemikali wakiwemo, wameweka sura nzima za tasnifu zao katika hali inayoendeshwa. Sijaona mpango mwingine unaomlazimisha mtu kueleza kazi yake vizuri hivi bila kumlazimisha.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu ndio ulionifanya niiheshimu. Chukua tone la duara lililotulia kwenye gesi iliyotulia, na ondoa uzito. Kwa fizikia hakuna kinachosogea: mvutano wa uso unabana, shinikizo la ndani linasukuma, vinalingana. Weka tatizo hilo kwenye interFoam ya kawaida, acha kompyuta ihesabu, kisha chora vishale vya kasi. Utaona vizunguzungu vidogo vimeuzingira uso wa tone. Havipo katika maumbile. Vinatokana na makosa ya kukokotoa mpindo wa uso kutoka kwenye seli zilizojaa nusunusu. Ukiwa unaiga maji yanayomwagika kutoka bwawani, havikusumbui hata kidogo. Ukiwa unaiga kiputo chenye kipenyo chini ya milimita moja na unataka kujua kaboni dioksidi inayeyuka kwa kasi gani, vizunguzungu hivyo vinaisafirisha gesi, na mgawo wa uhamishaji wa masi utakaouandika kwenye jedwali lako ni wa vizunguzungu, si wa kiputo. Basilisk inapima mpindo kwa urefu wa safu za seli, na inasawazisha mvutano wa uso na shinikizo mahali palepale kwenye gridi, hivyo mikondo hiyo ya uongo hufifia mpaka kiwango cha ukomo wa tarakimu za kompyuta. Jaribio hilo lina ukurasa wake, pamoja na mchoro. Asiyeamini analiendesha mwenyewe. Kwangu huo ndio ugawaji wa kweli: mtu anapewa njia ya kukuhoji pamoja na zawadi yenyewe.

Mapungufu yake yasifichwe. Vyombo vyenye maumbo magumu vinaisumbua. Unaweza kuingiza mwili mgumu ukate seli, lakini tangi lenye mapanga, vizuizi na mabomba ya kupozea si mahali pake. Lugha yake ni C iliyoongezwa maneno yake yenyewe na kukompailiwa kwa qcc, hivyo unachokijua cha C kinatosha nusu ya safari. Historia ya mabadiliko ya mafaili inatunzwa kwa programu ya Darcs, wakati dunia nzima imezoea Git. Jamii yake ni ndogo: ukikwama usiku wa manane utasubiri. Na mradi wenye watunzaji wachache una hatari ya wazi, kwa hiyo hata ukiwa na uwanja wako kule, weka nakala mahali pengine pia.

MFiX: kwa wenye chembe

MFiX ni ya maabara ya serikali ya Marekani ya teknolojia ya nishati, NETL, iliyo chini ya Wizara ya Nishati. Nyaraka zake za nadharia zinarudi nyuma hadi mwaka 1993, zikiwa na majina ya Syamlal, Rogers na O'Brien, na mtu yeyote aliyeiga chembe ndani ya gesi analijua jina la Syamlal kwa sababu ya fomula ya ukinzani kati ya gesi na chembe inayoitwa Syamlal–O'Brien. Ililenga mitambo ya kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi: chembe zinapulizwa kutoka chini mpaka zinatiririka na kuchemka kama maji, huku zikiungua na kubadilishana joto. Leo inatumika kwa mitambo yoyote ya namna hiyo. Unaweza kuzihesabu chembe kama umajimaji mmoja, au moja moja zikigongana, au kwa makundi.

Mtu anayetaka kuiga mtambo wa kugeuza pumba za mpunga kuwa gesi, kazi yenye maana kubwa kwa mashamba yetu ya Mbeya, Morogoro na Mwea, angeanza hapa. Milinganyo ya joto, ukinzani na kemia ya chembe imeshapangwa. Kwenye OpenFOAM ungetumia miezi kuiunganisha.

Kwa upande wa kugawa, MFiX ina kitu rahisi ambacho wengi hawakithamini. Kazi yako ni folda moja yenye faili la .mfx la mipangilio, na ukitaka kubadilisha modeli unaweka ndani ya folda hiyohiyo faili la Fortran lenye jina linalojulikana, kwa mfano usr_drag.f kwa fomula yako ya ukinzani. Ukiamuru programu ijengwe, faili lako linachukua nafasi ya lile la asili. Hii ina maana kwamba atakayepokea anaona papo hapo ulichobadilisha: ni faili moja au mawili, na mengine yote ni MFiX ya kawaida. Linganisha na OpenFOAM, ambako mtu hunakili folda nzima na msomaji inabidi atafute mwenyewe mistari kumi uliyoigusa kati ya mamia.

Ubaya wake: kuipata lazima ujisajili. Ni bure, lakini ni mlango, na mlango wowote unapunguza watu, hasa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kujaribu tu jioni moja. Tena, kuingiza kazi yako kwenye programu mama kunapitia maabara yenyewe. Mjadala wa jamii upo, ila hatamu ziko mkono mmoja. Umbo la chombo nalo linakatwa kutoka kwenye gridi ya mstatili, jambo ambalo kwa mnara ulionyooka halina shida.

Basi ipi?

Sitaki kutoa alama kama za mtihani, kwa sababu kazi ndiyo inayoamua. Tone moja, kiputo kimoja, utando mwembamba unaopasuka, uvukizi, chochote ambacho mvutano wa uso ndio bwana: Basilisk, bila kusita. Chembe ngumu nyingi ndani ya gesi: MFiX. Chombo halisi cha kiwandani chenye umbo lake, msukosuko na mimenyuko ya kemia: OpenFOAM. Mnara wa viputo uko katikati. Ukitaka kujua kinachotokea kwenye uso wa kiputo, nenda Basilisk. Ukitaka mnara mzima wenye viputo vya ukubwa tofauti vinavyogawanyika na kuungana, OpenFOAM pamoja na OpenQBMM, nyongeza yake iliyotoka kwa kundi la Alberto Passalacqua wa Iowa State, itakufikisha mbali.

Kwa anayeweza kuchagua kwa uhuru, na ambaye nia yake ya kwanza ni kazi yake itumiwe na wengine, naona mzani uko hivi. OpenFOAM inakupa wapokeaji wengi zaidi na maisha mafupi zaidi ya msimbo usiotunzwa. Basilisk inakupa wapokeaji wachache wanaoelewa hasa ulichofanya. MFiX iko kati, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa mgeni, kwa kuwa ina madirisha ya kubofya.

Ukishajenga, uweke wapi

Hapa wengi wanaishia na sentensi moja kwenye makala: msimbo unapatikana kwa kumwomba mwandishi. Nawasihi wenzangu tuiache sentensi hiyo. Anwani ya chuo hufungwa ukishahitimu, msimamizi hana faili la mwisho, na maombi yanaangukia hewani. Nimeomba misimbo kwa njia hiyo na majibu niliyopata, pale yalipokuja, yalikuwa folda bila namba ya toleo na bila hata tatizo moja la mfano.

GitHub na GitLab ni karakana. Watu wanaona mabadiliko, wanaripoti hitilafu, wanapendekeza marekebisho. Lakini karakana inaweza kufutwa na mwenyewe au kuhamishwa, na anwani yake si kitu cha kutaja kwenye makala ya kudumu. Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na inayoendeshwa na CERN, ni kabati la kumbukumbu: unaweka nakala, inapata namba ya DOI isiyobadilika, ambayo ndiyo ya kutaja kwenye makala, kila toleo jipya linapata yake, na kuna moja inayoyabeba matoleo yote. Hulipi kitu, na nafasi ya kawaida ni GB 50 kwa kila amana, zaidi ya kutosha kwa msimbo na matokeo yaliyochujwa. Ukiziunganisha, kila unapotangaza toleo GitHub, Zenodo inachukua nakala yenyewe. Kati ya hizi mbili, basi, usichague. Tumia zote.

Uamuzi wa kweli ni kama uongeze makala ya msimbo. Jarida la Journal of Open Source Software (JOSS), lililoanza 2016, halitozi waandishi chochote. Makala yenyewe ni fupi. Kinachohakikiwa ni programu. Wahakiki wanaisimika, wanaiendesha, wanauliza mbona jaribio la tatu halipiti, na mazungumzo yote yako wazi kwa kila mtu. SoftwareX ya Elsevier nayo ni njia, lakini ina ada ya kuchapisha, na kwa mtafiti asiye na mfadhili ada hiyo inaamua mambo. Computer Physics Communications ni kongwe na linaheshimika, linafaa pale ambapo mbinu yenyewe ya hesabu ni mpya. Ukiwa umerekebisha faili moja la ukinzani, usijisumbue na jarida, Zenodo inatosha. Ukiwa umejenga maktaba ambayo wengine wataijengea, miezi ya uhakiki wa JOSS itakulipa, kwa kuwa wahakiki watayaona mashimo kabla ya watumiaji.

Leseni

OpenFOAM na Basilisk ziko chini ya GPL. Ukirekebisha msimbo wao na kuugawa, wako pia lazima uwe chini ya GPL. Huna uhuru wa kuweka leseni legevu kama MIT juu ya interFoam uliyoinakili. GPL haikulazimishi kuchapisha. Inasema tu kwamba ukimpa mtu programu, umpe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Kwa kitu ulichoandika mwenyewe toka mwanzo, tuseme hati za Python za kuchakata matokeo, MIT au BSD zinatosha na haziwatishi watu wa viwandani. Leseni za Creative Commons weka kwenye maandishi na data. Creative Commons wenyewe wanashauri zisitumike kwa programu. Kinachoudhi zaidi ni folda isiyo na leseni yoyote. Wengi wanadhani kukaa kimya ni kuruhusu, kumbe kisheria haki zote zinabaki kwa mwenye kazi, na mpokeaji mwangalifu hatagusa.

Angalia pia kile unachokitegemea. Kuna misimbo ya mwako na kemia iliyo wazi kabisa lakini haikompailiwi bila maktaba ambayo lazima uiombe kwa barua pepe. Hesabu ya uwazi hufanywa kwa kiungo kigumu kuliko vyote kukipata. Cantera, programu ya kemia iliyo wazi, ikitosha kwa kazi yako, itumie.

Kitu ambacho ningekiweka kwenye kila folda

Pamoja na programu na matatizo makubwa yaliyotoa michoro ya tasnifu, weka tatizo moja dogo: gridi ya chini, vipimo viwili badala ya vitatu, linaloisha kwenye laptopu ya kawaida kabla chai haijapoa, na namba mbili tatu ambazo mpokeaji anapaswa kuzipata. Kimo cha kitanda cha chembe baada ya sekunde moja, kasi ya kupanda kwa kiputo, chochote kinachopimika. Mwanafunzi wa Maseno au Mbarara hana klasta, kundi la kompyuta, ya kuhesabu seli milioni hamsini. Akipata namba ileile uliyoiandika, anajua amesimika sawasawa na anaweza kuanza kubadilisha. Bila hilo tatizo dogo, hata msimbo ulio wazi kabisa unabaki wa wenye mitambo mikubwa.

Kuhusu wakati, maoni yangu ni kutoa siku unayotuma makala, si baada ya utetezi. Hofu ya kuporwa wazo ipo na naielewa, lakini DOI yenye tarehe ni ushahidi wako, na wahakiki wa makala wakiweza kuendesha msimbo watauliza maswali bora. Isipokuwa mradi wako unalipwa na kampuni. Hapo soma mkataba kabla ya kuandika mstari wa kwanza: vyuo vingi humhesabu mtafiti wa uzamivu anayelipwa mshahara kuwa mwajiriwa, msimbo ukawa mali ya chuo, na kampuni ikawa na haki ya kuzuia uchapishaji kwa kipindi fulani. Omba idhini ya GPL iandikwe humo mapema, wakati bado hakuna msimbo wa kugombania. Ofisi ya uhawilishaji teknolojia hukubali kirahisi zaidi ukiwaonyesha kwamba umejenga juu ya OpenFOAM au Basilisk, maana kazi iliyotokana nazo, ikigawiwa, haiwezi kugawiwa kwa leseni nyingine.